Msiba ukiisha ndo uende

Wapendwa, huku kwetu Mbagala msiba ukitokea tunajaa, kwaya inaimba, rambirambi inachangwa, ila turubai likishashushwa na viti vikapakiwa kwenye kirikuu kila mtu anarudi kwenye mishe zake, mjane anabaki na watoto na masufuria ya kuazima. Sasa wewe nenda wiki ya 3. Beba unga kilo 2, sukari, sabuni, na usimuulize anahitaji nini maana atakwambia niko sawa tu, angalia ndoo, kama zimekauka kachote maji, Yakobo 2:15-16 ndo inasema kumwambia mtu nenda kwa amani bila kumpa mahitaji ya mwili haifai kitu. Jirani Muislamu aliyefiwa na mume vilevile, yeye anakaa eda miezi 4 na siku 10 hatoki hovyo, kwa hiyo akina mama mpitieni mkienda sokoni, mumbebee hata mchicha na nyanya.