Teua mlezi wa wanao ungali hai

Mara nyingi jamaa hunijia ofisini tanga likiwa halijaanuliwa. Ami anawataka watoto, mjomba anawataka, kila mmoja anaapa kwamba marehemu alimwachia yeye, na karatasi hakuna. Mimi ni wakili hapa Mombasa, na nakuomba kazi hii uifanye mapema.

Kwanza, zungumza na unayemtaka. Muulize kama ataweza kukaa na watoto wote pamoja. Bibi wa miaka 75 ana mapenzi tele, lakini mtoto wa miaka 4 anahitaji mlezi kwa miaka 14 ijayo. Chagua na wa pili, iwapo wa kwanza atashindwa.

Pili, andika. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu mzazi kuteua mlezi kwa wasia au kwa hati. Majina ya watoto yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa. Weka tarehe, kisha utie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Shahidi wa wasia asiwe mtu uliyemwachia kitu humo, maana anaweza kukikosa. Mzazi mwenzio akibaki hai, haki yake iko palepale. Mlezi atashirikiana naye.

Tatu, na hapa ndipo familia nyingi huumia: tenga malezi na mali. Shangazi anayejua kulea huenda hajui kufuata kodi za vyumba vyako vya Kisauni mwezi baada ya mwezi. Sheria inakubali mmoja alee na mwingine asimamie mali. Mali hiyo ni amana ya mtoto hadi afike miaka 18, wala mlezi hana fungu ndani yake. Andika daftari la kila kitu: kiwanja, wapangaji, akaunti, sacco, bima, na wanaokudai.

Kama wewe ni Mwislamu, mafungu ya mirathi yamekwisha kupangwa na sheria ya dini, na wasia wa mali hauvuki thuluthi. Muone kadhi kabla ya kuandika.

Mpe mlezi nakala, nyingine iwe kwa wakili. Ukipata mtoto mwingine, ukiachana na mwenzio au mlezi akifariki, andika upya. Pasipo karatasi, jamaa watalazimika kupeleka ombi Mahakama ya Watoto, Tononoka, na huko hakimu asiyewajua wanao ndiye atakayewachagulia mlezi.