Wema wa mtaani: jinsi ya kuutenda ukijua kesho mtaonana tena

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nina genge Nkuhungu, hapa Dodoma, na siendi popote. Ninayemwongezea nyanya leo, kesho asubuhi atapita mbele ya meza yangu akiwahi daladala, atake asitake. Kwa hiyo wema wa mtaani una namna yake: mtendee mtu kwa jinsi ambayo kesho ataweza kukusalimia bila kuinamisha kichwa.

Anza na salamu, maana haina nauli. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, mitaa yetu imepokea wageni wengi, watumishi kutoka Dar es Salaam, mafundi, wapangaji wa kila aina. Mtu anakaa mwezi mzima hajui jina la jirani wa ukuta mmoja. Chagua watu watatu unaopishana nao kila siku usiowajua, labda mlinzi, dada wa kazi wa nyumba ya pili na kijana wa bodaboda pale kijiweni. Waulize majina, uyashike. Kesho yake ongeza swali moja linaloonyesha kwamba jana ulisikiliza: "Mtoto kikohozi kimeisha?" Ukikutana na mzee wa Kigogo, mpe shikamoo yake, kisha umtupie na salamu ya kwao, "mbukwa", hata kama matamshi yako ni ya kuchekesha. Akikucheka, mmeshafahamiana.

Ninaloliamini zaidi ni maji. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na hata hizo huja zikijisikia. Ikifika Septemba, jua na vumbi vimeungana, na anayesukuma mkokoteni wa matofali anahitaji maji kuliko nasaha. Tafuta mtungi wa udongo usiopakwa rangi. Mtungi hupoza kwa sababu maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, upepo unayakausha, na joto linaondoka nayo. Rangi huziba vile vitundu. Huu upepo mkavu tunaoulalamikia hapa ndio unaoyafanya maji yawe baridi. Uweke kivulini, chini ya muarobaini ukiwa nao, juu ya mchanga uliolowa, na usiuzungushie nailoni. Maji yachemshe usiku, yapoe, ndipo uyamimine. Funika kwa sahani safi. Kata iwe na mpini mrefu ili mkono wa mtu usizame ndani, na vikombe viwe viwili au zaidi ili kimoja kikioshwa kingine kipo. Kila baada ya siku chache mwaga yaliyobaki kwenye mche, sugua mtungi kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, kwani udongo hushika harufu.

Sasa mahali pa kuuweka. Usiuweke nyuma ya meza yako, uweke upande wa barabara, mtu anywe bila kuomba. Akilazimika kusema "mama, naomba maji", ataanza kujipapasa mfukoni atafute shilingi mia ya kununulia kitunguu asichokihitaji. Kibao cha "maji ya bure" nacho sikiweki. Anayekunywa atajiona anasaidiwa, na sitaki.

Kuna hili la kukopesha, ambalo wenye biashara wenzangu watanibishia. Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo sina ubishi nalo. Andika kila deni, na kila mtu mwekee kikomo kulingana na unachoweza kukikosa bila kuyumba, kwa sababu genge likifungwa halimsaidii yeyote. Lakini daftari lisikae wazi mezani ambapo kila mteja anasoma majina. Deni usilidai mbele za watu, wala usimtume mtoto akadai. Subiri mbaki wawili, sema kwa sauti ya kawaida: "Mama Neema, tugawanye ile yako mara mbili, nusu leo, nusu mwisho wa mwezi?" Umemwonyesha njia ya kutokea. Asipokuwa na njia, ataanza kuzungukia barabara ya nyuma, nawe utakuwa umepoteza hela na jirani kwa pamoja. Mtoto akitumwa na hela pungufu, mpe kitu kinacholingana na hela yake na umfungie vizuri kama wengine. Usimwambie "kamwambie mama yako aongeze" wakati wenzake wa shule wamesimama pale.

Maneno pia. Gengeni umbea unafika kabla ya mchicha. Sikukatazi kusikiliza, nitakuwa mnafiki. Ila fanya jambo moja: ukisikia mtu anasifiwa hayupo, mpelekee zile sifa upesi, jinsi watu wanavyopeleka umbea. "Jana fulani alisema hapa mwanao ana adabu." Mtaje aliyesema, ili nao waanze kutazamana vizuri. Ukisikia anasemwa vibaya, uliza tu, "Mwenyewe umemwambia?" Mara nyingi mada inahamia kwenye bei ya mafuta.

Msibani kila mtu huja, hapo sina la kufundisha. Nenda siku ile turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimerudishwa na ndugu wamepanda mabasi. Beba kitu kilichokwisha kupikwa. Usimwambie mfiwa "ukihitaji chochote niambie", hatakuambia. Osha vyombo vilivyopo, kaa kidogo, ondoka.

Mwisho, jifunze kupokea, na hapa wengi wenye moyo wa kutoa tunakwama. Kuna bibi ninayempa nyanya zilizoiva mno, za kupika siku hiyo hiyo. Huja na karanga za shamba lake, kiganja kimoja, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ukiletewa kama hizo, usiseme "usingejisumbua bibi", wala usiziweke pembeni umpe mtoto. Zitafune hapo hapo anakuona, kisha muulize kama amebakiza za mbegu, na kama mwaka huu atapanda eneo lile lile.