Kushika Kazi Wakati wa Masika, Wageni Wakiwa Wachache

Mvua za masika zikishaanza, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, wageni hupungua Unguja na Pemba. Baadhi ya hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hufunga kabisa, zinazobaki hupunguza zamu, na kwenye maduka ya mitaa ya Gizenga na Hurumzi, Mji Mkongwe, mtu anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka magharibi asiuze hata kikoi kimoja. Haya ni kwa aliyebaki kazini: muuza duka, mhudumu wa mapokezi, mtembeza wageni, dereva.

Kukaa bure huchosha kuliko kazi yenyewe, na sababu yake ni hii. Siku ya wageni wengi, kazi huja na kuisha: mgeni ameingia, amehudumiwa, ameondoka. Siku ya kungoja haina pa kuanzia wala pa kuishia, na kipimo pekee kinachobaki ni mauzo, ambayo hayamo mikononi mwako. Ukijipima kwa mauzo mwezi wa Aprili utajiona umeshindwa kila jioni, na haichukui muda kabla ya kuona tabu hata kufungua mlango. Badilisha kipimo. Kila siku iwe na kazi moja unayoweza kuimaliza mwenyewe, mgeni aje asije.

Tafuta daftari dogo. Jioni kabla ya kufunga, andika kazi moja tu ya kesho, na uiandike kwa kitendo na idadi. "Kupanga stoo" haifai, maana haina mwisho. "Kutoa maboksi manne ya chini, kuyafuta, kuandika vilivyomo" inafaa. Iwe ya saa moja, isizidi sana saa moja na nusu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: siku ya kwanza huandika kazi saba kwa ari, wakamaliza mbili, na ikifika Jumatano daftari liko chini ya meza. Kazi ikiisha, ipige mstari, andika tarehe. Ukiona uzito kuanza, weka kengele ya simu ya dakika kumi na uahidi hizo tu. Mara nyingi mkono ukishashika hauachi. Ukiacha, ujaribu tena baada ya chai.

Kazi zenyewe masika huzileta, kwa sababu ya unyevu. Anza na viungo. Chukua karafuu kumi kutoka kila fungu, zitie katika gilasi ya maji. Karafuu nzuri huzama, au husimama wima kichwa kikiwa juu. Iliyopoteza mafuta huelea imelala. Fungu ambalo zaidi ya nusu zimelala, lisirudi rafuni. Mdalasini wa unga hupoteza harufu mapema kuliko wa vijiti, na kungumanga iliyosagwa vivyo hivyo, kwa hiyo wakati huu usiagize vya unga kwa wingi. Kiungo kilichoota ukungu kitupwe. Kukianika na kukirudisha kwenye pakiti ni kumuuzia mtu sumu, kwani ukungu ukikauka sumu yake hubaki.

Vinyago na makasha yatoe penye hewa, uyafute kwa kitambaa kilichotiwa siki na kukamuliwa vizuri, kisha yakauke kivulini. Jua la mchana hupasua mti uliolowana. Siki na jiki visikutane hata kidogo; mchanganyiko huo hutoa gesi inayoumiza mapafu, na stoo nyingi za Mji Mkongwe hazina dirisha. Vyombo vya shaba husafika kwa ukwaju na chumvi: paka, sugua, suuza, na kausha pale pale, la sivyo madoa yatarudi. Ila chombo cha kale kiache na rangi yake. Wanunuzi wanaojua wanaitafuta hiyo, na ukikisugua umekipunguzia bei.

Kwa mtembeza wageni na mhudumu wa mapokezi, kazi bora ya masika ni lugha. Wataliani ni wengi katika visiwa hivi, basi kama hujui Kitaliani, anza nacho. Usianze na kitabu cha sarufi. Andika sentensi unazozisema kazini kila siku ("maji yatapwa saa nne, mashua itaondoka kabla"), tano kwa siku, mpe anayeijua lugha azisome, umrekodi kwenye simu. Zirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Sentensi isiyorudiwa husahaulika upesi, hata ikiwa umeikariri vizuri siku ya kwanza.

Saa nazo zina hesabu yake. Kazi ya daftari ifanywe baina ya saa tatu na saa tano asubuhi. Kuanzia saa saba mpaka saa tisa mchana mwili hulegea wenyewe, na sahani kubwa ya wali wa nazi huzidisha. Muda huo uwe wa kufuta vioo au kujibu ujumbe wa wateja. Ukipata nafasi ya kulala, dakika 20 zinatosha, na iwe kabla ya saa tisa. Ukizidisha unaamka mzito, na usiku usingizi haupatikani. Kahawa chungu ya barazani saa moja usiku huharibu vilevile: ukipita muda wa saa tano hivi tangu uinywe, karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mwaka inapokutana na masika, kazi nzito iwe asubuhi mapema.

Mvua ikikatika, mwachie jirani mlango na utembee robo saa mwangani, kisha naye umshikie. Jirani huyohuyo mwambie asubuhi kazi yako ya leo, akuulize jioni. Hilo lina faida kuliko kukaa mkihesabu nani ameuza na nani hajauza.

Wasiwasi wa pesa humaliza ari kuliko uchache wa kazi. Bakshishi hukatika wakati huu, kwa hiyo mkipanga upatu, omba zamu yako iangukie Aprili au Mei. Hoteli ikitaka kufunga, uliza mapema na kwa maandishi: tarehe ya kufunga, tarehe ya kurudi, na kama likizo ina malipo.

Msimamizi asimwambie mtu afute meza mara ya tatu. Watu wanaijua kazi ya kuzugia, na huwavunja moyo zaidi. Mpe mfanyakazi kazi yenye mwisho, na akiimaliza, kama zamu inaruhusu, aende nyumbani.

Uchovu ukikaa zaidi ya wiki mbili, hamu ya chakula ikapotea, usingizi ukakatika na hata siku ya mapumziko hufurahii chochote, usiusingizie mvua. Nenda kituo cha afya, upimwe damu, malaria na sukari, na umweleze daktari hali ya moyo wako pia bila kuficha.