Dawa ya Kusafishia Filamu Nyeusi na Nyeupe kwa Joto la Kisumu

Kijana akija studio kwangu Kondele kuuliza anunue dawa gani, huwa namuuliza kwanza: maji ya bomba kwako yana joto gani? Majedwali ya watengenezaji huanzia nyuzi 20. Hapa mchana maji hutoka yakiwa 25 na zaidi, na kila nyuzi inayozidi hula takriban asilimia 10 ya muda.

Chukua HC-110, dawa ya maji, iliyozimuliwa 1 kwa 31 (sehemu moja ya dawa, 31 za maji). Filamu ya HP5 Plus huhitaji dakika 5 kwa nyuzi 20. Kwa joto letu zinabaki tatu hivi, dawa haiwahi kuenea sawasawa, na anga juu ya ziwa linatoka na mabaka. Muda ulio chini ya dakika 5 mimi siukubali.

Ndiyo maana anayeanza huwa namwelekeza kwenye unga wa ID-11, au D-76 ya Kodak iliyokuwapo tangu 1927. Tofauti yao si ya kugombania. Koroga pakiti ya lita moja, jaza chupa ndogo hadi shingoni hewa isibaki, uzifunge kisawasawa. Siku ya kazi zimua 1 kwa 1: mililita 150 za dawa na 150 za maji kwa filamu moja ya 35mm, na ukishaitumia mwaga. HP5 itachukua dakika 13 kwa nyuzi 20, kama 9 kwa nyuzi 24. Hizo 24 unazipata kwa karai la maji na barafu kidogo. Dawa, fiksa (ya kuimarisha picha isififie) na maji ya kusuuzia vyote vikae humo. Barafu ya wauza samaki inatosha, ila iache ndani ya mfuko wake, harufu usiniulize.

Kwa dawa hii uso wa mvuvi wa Dunga saa saba mchana hutoka wote: jasho linang'aa kwenye paji, na macho chini ya kofia bado yanaonekana.

Kama unasafisha filamu moja kwa miezi kadhaa, unga utakuharibikia bure. Nunua Rodinal, ya tangu 1891, ambayo hata ikifunguliwa hukaa miaka. Kwa 1 na 50, HP5 ni dakika 11. Chembe zake, yaani punje zinazoonekana kwenye picha, ni kubwa na kali. Mashua nazipiga nazo kwa furaha, bibi harusi sithubutu.

Picha za usiku, HP5 ikipigwa kwa ISO 1600, ipe dawa ya Microphen bila kuizimua, dakika 11 kwa nyuzi 20.

Xtol ina chembe laini sana na unga wake hauhitaji maji moto, lakini hufa bila kubadilika rangi. Kabla ya kuitumia, tumbukiza ncha ya filamu uliyoikata, taa ikiwa imewaka. Isipogeuka nyeusi tititi ndani ya dakika chache, mwaga chupa nzima.