Wakala wa kupokea samansi za kampuni Texas: jinsi ya kumteua, kumbadilisha, na wakati wa kulipia huduma

Ukifungua LLC (kampuni ambayo madeni yake hayaangukii mali ya mwenyewe) Texas, iwe ya lori moja, ya kusafisha ofisi au ya kutunza wazee majumbani, fomu itakudai jina ambalo wengi huliandika haraka haraka bila kulifikiria: jina la wakala wa kampuni, yule ambaye fomu humwita "registered agent". Kazi yake kubwa ni moja. Mtu akiishtaki kampuni yako, samansi hupelekwa kwa wakala, na akishaipokea sheria inahesabu kwamba kampuni imepata habari. Hata kama wewe uko Oklahoma na treila, au umekwenda Mombasa kwenye msiba, siku zinakwenda.

Na siku zenyewe, tangu samansi ipokelewe, ni chache. Kesi ikiwa katika justice court, korti ndogo ya madai yasiyozidi dola 20,000, jibu la maandishi linatakiwa kufika kabla siku ya 14 haijaisha. Katika korti za juu za jimbo, mwisho ni saa 4 asubuhi (10:00 a.m.) ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Korti ya serikali kuu inatoa siku 21. Asiyejibu huombewa hukumu ya upande mmoja, na mwenye hukumu mkononi anaweza kuifuata fedha ya kampuni hadi benki. Kesi ambazo kampuni ndogo ingeweza kuzishinda hupotea kwa njia hii, kwa sababu tu bahasha ilifika mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nani anafaa

Wakala anaweza kuwa mtu binafsi anayeishi Texas, au kampuni iliyosajiliwa au iliyoruhusiwa kufanya kazi Texas. Wewe mwenye kampuni unaweza kuwa wakala, mke au mume wako pia, hata ndugu, mradi makazi yake yako ndani ya jimbo. Kampuni yenyewe haiwezi kuwa wakala wake: ukirudia jina la LLC yako kwenye nafasi ya wakala, fomu itarudishwa. Biashara ya mtu mmoja isiyosajiliwa kama LLC wala corporation haihitaji wakala kabisa, kwa hiyo anayefanya kazi kwa jina lake mwenyewe asikubali kuuziwa huduma hii.

Anwani ndiyo inayowaangusha wengi. Lazima iwe ya mtaa, yenye nambari ya jengo, ndani ya Texas, mahali ambapo wakala anaweza kukabidhiwa karatasi mkononi saa za kazi. Sanduku la posta halikubaliki. Duka linalokodisha visanduku vya barua nalo halikubaliki kama kazi yake ni kupokea barua au simu tu, hata likikupa nambari ya "suite" inayofanana na ya ofisi. Si lazima iwe ndipo biashara inapofanyika. Kinachotakiwa ni mtu kuwepo.

Kumbuka pia kwamba anwani hiyo ni ya wazi kwa umma. Yeyote anaweza kuitafuta, na ukiandika nyumbani kwako, mpeleka samansi atagonga mlango mbele ya watoto na wageni.

Ridhaa kwanza, fomu baadaye

Tangu tarehe 1 Januari 2010, Texas inataka wakala awe amekubali kwa maandishi au kwa njia ya elektroniki kabla jina lake halijawasilishwa. Fomu ya ridhaa ni 401-A. Huitumi kwa jimbo. Unaijaza, wakala anatia sahihi, unaihifadhi kwenye faili la kampuni. Usimwandike shemeji kwa kuwa tu ana nyumba Houston. Asiyeridhia ana haki ya kuwasilisha fomu ya kukataa, na kumtaja mtu ukijua hajakubali kunaweza kukuletea adhabu.

Kumteua wakati wa kufungua kampuni

1. Fungua Form 205, hati ya kuunda LLC, kwenye tovuti ya SOSDirect ya Katibu wa Jimbo (Secretary of State, ofisi inayosajili kampuni), au ipakue uitume kwa posta Austin. Ada ni dola 300.

2. Kifungu cha 1 ni jina la kampuni. Liandike na mwisho wake kamili, kwa mfano LLC.

3. Kifungu cha 2 ndicho cha wakala. Chagua A kama wakala ni kampuni, au B kama ni mtu. Usijaze vyote viwili. Kwa kampuni, nakili jina lake herufi kwa herufi kama lilivyosajiliwa Texas. Kampuni za huduma hii mara nyingi zina matawi yenye majina yanayokaribiana, na jina la kibiashara linaloonekana kwenye tangazo laweza lisiwe ndilo lililosajiliwa. Waombe wakupe jina na anwani kwa maandishi.

4. Sehemu C ya kifungu hicho ni anwani ya mtaa ya wakala. Jimbo limekwisha kuchapishwa hapo kuwa TX.

5. Anwani ya posta ya kampuni inaulizwa mahali pake. Hapo sanduku la posta linaruhusiwa, na ndipo barua za kodi za jimbo zitakapokwenda. Usiweke anwani ya wakala hapa bila kumuuliza. Wengi hawapokei barua za kawaida, au huzitoza moja moja.

Kumbadilisha

Umehama, au wakala amehama, au umeamua kulipia huduma: jaza Form 401, ada dola 15 kwa kampuni ya biashara. Andika jina la kampuni na nambari yake ya faili, kisha wakala mpya na anwani mpya, kisha sahihi ya mwenye mamlaka. Kabla ya hapo pata ridhaa ya wakala mpya kwa 401-A.

Kosa tunaloliona tena na tena ni la mtu aliyebadilisha anwani kwenye ripoti ya mwaka ya kodi, ile inayowasilishwa kwa Comptroller, ofisi ya kodi ya jimbo, kufikia tarehe 15 Mei, akadhani amemaliza. Hajamaliza. Ripoti ile haimbadilishi wakala. Ni fomu ya Katibu wa Jimbo peke yake inayofanya hivyo. Kuhakikisha ni bure: tafuta kampuni yako kwenye ukurasa wa Comptroller wa kutafuta kampuni, usome jina la wakala na anwani yake.

Lini ulipie huduma

Kama una duka au ofisi inayofunguliwa kila siku, na mtu anayejua samansi ni nini, unaweza kubaki wakala wako mwenyewe bila gharama. Dereva wa masafa marefu asijaribu. Wala mwenye kampuni ya kutunza wazee ambaye kutwa yuko kwa wateja, wala anayehama fleti kila mwaka, wala asiyetaka anwani ya nyumbani ijulikane. Huduma hugharimu kwa kawaida kati ya dola 100 na 300 kwa mwaka.

Bei tu isikuamulie. Uliza samansi ikifika watakujulisha kwa njia gani na ndani ya muda gani. Jibu zuri ni siku hiyo hiyo, kwa barua pepe yenye nakala iliyoskaniwa. Uliza kama barua za jimbo zimo kwenye ada. Uliza bei ya mwaka wa pili, kwa maana kampuni nyingi za kufungua LLC hutoa mwaka wa kwanza bure kisha hukata kadi zenyewe. Uliza na ada ya kuondoka.

Halafu jambo ambalo hakuna wakala atakayekufanyia: kuwapa anwani, simu na barua pepe zako za sasa. Sheria ya Texas inamtaka wakala apeleke nyaraka kwenye anwani ya mwisho uliyompa. Ulimpa barua pepe ya kazi uliyoiacha miaka miwili iliyopita? Ametimiza wajibu wake, na wewe hujui kwamba umeshtakiwa.

Wakala hakujibii kesi wala hakufanyii kodi. Hili liwaingie hasa wanaofungua LLC ya Marekani wakiwa Nairobi au Dar es Salaam. Hawahitaji uraia wala makazi, ila wakala awe ndani ya jimbo. Mgeni anayemiliki LLC peke yake ana fomu ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, nambari 5472 ya kuambatanisha na fomu ya kodi ya kampuni nambari 1120 kila mwaka kunapokuwa na miamala kati yake na kampuni, na fedha aliyoweka ya mtaji ni muamala. Faini ya kutoiwasilisha inaanzia dola 25,000.

Wenye malori wanachanganya mawakala wawili. Wa Texas ni wa kampuni. Mbebaji mizigo anayevuka majimbo anahitaji pia Form BOC-3 ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia malori, inayotaja wakala katika kila jimbo analofanyia kazi, na mbebaji hawezi kuiwasilisha mwenyewe. Huwasilishwa na kampuni ya mawakala kwa niaba yake. Bila BOC-3 ruhusa ya kubeba mizigo haianzi kufanya kazi. Kuwa na mmoja hakumfuti mwingine.

Mtego mwingine ni Wyoming. Ada ya kufungua huko ni dola 100, na mitandaoni inasifiwa sana. Lakini kampuni ya Wyoming yenye ofisi, wafanyakazi na kazi zake Texas inapaswa kujisajili Texas kama kampuni ya nje, kwa Form 304, ada dola 750, na iwe na wakala Texas pamoja na yule wa Wyoming. Unalipa mawakala wawili kila mwaka.

Wakala akijiuzulu

Usipolipa ada ya huduma, wakala hujiuzulu. Hutuma notisi kwako, huwasilisha nyingine kwa Katibu wa Jimbo, na siku ya 31 baada ya ofisi kuipokea uwakala wake unakoma. Tumia siku hizo kupeleka Form 401. Ukiachia, Katibu wa Jimbo anakuandikia, na ukikaa siku 90 bila kurekebisha anaweza kuifuta kampuni. Wakati huo wote, anayekushtaki akishindwa kumpata wakala baada ya kumtafuta ipasavyo, anaruhusiwa kumkabidhi samansi Katibu wa Jimbo mwenyewe, ambaye huituma kwa "certified mail", barua inayotiwa sahihi na mpokeaji, kwenye anwani iliyo kwenye faili. Kama ni ile fleti uliyohama, bahasha itarudi, na korti bado inaweza kutoa hukumu.