SOMO: Namna ya kuediti hadithi yako mwenyewe mpaka isomeke

Wakuu habari zenu, hili somo nimeliahidi siku nyingi. Naandika hadithi miaka mingi sasa, alfajiri kabla ya kwenda kazini, na kitu nilichochelewa sana kukielewa ni kwamba drafti ya kwanza ni udongo tu uliochimbwa, chungu chenyewe kinafinyangwa baadaye. Wengi tunachimba udongo halafu tunaupeleka sokoni hivyo hivyo, kisha tunashangaa mbona watu hawamalizi kusoma.

HATUA YA 1: Ifungie

Ukimaliza usiiguse. Hadithi fupi ipe wiki mbili, riwaya mwezi mzima. Ukiwa umetoka kuandika sasa hivi, macho yanasoma kilichopo kichwani badala ya kilichopo kwenye karatasi, neno limeruka hulioni, mhusika alikuwa amekaa kitandani mara yuko mlangoni na wewe wala hushtuki. Muda huo anza kuandika nyingine.

HATUA YA 2: Isome kwa sauti

Nasema sauti ya kusikika, sio kimoyomoyo. Mimi niliwahi kumsomea mdogo wangu hadithi niliyokuwa najivunia kweli, ukurasa wa tatu akanikatisha, "subiri kwanza, hapa anaongea nani?" Nikaangalia, hata mimi sijui! Watu wawili wanajibizana na wote sauti moja. Pale unapokosa pumzi katikati ya sentensi, ikate. Pale ulimi unapojikwaa weka alama uendelee, usisimame kurekebisha, utapoteza mwendo wa hadithi.

HATUA YA 3: Winda "ka"

Hapa ndipo hadithi zetu nyingi zinapofia. Angalia hii:

"Juma akaamka, akanawa uso, akavaa viatu, akafungua mlango, akatoka nje."

Hakuna kosa la sarufi hapo, ila "ka" ni kamba ya kufunga matukio yanayofuatana, na kila tukio linalofungwa nayo linapata uzito sawa na jirani yake. Kunawa uso kumekuwa sawa na kutoka nje. Kama cha maana ni huo mlango, anza nao:

"Mlango alioufunga usiku ulikuwa wazi. Juma alitoka bila hata kukumbuka viatu."

Uso hatujui kaunawa saa ngapi na hakuna msomaji atakayeuliza. Simaanishi "ka" ifutwe yote, kwenye mbio au ugomvi inapendeza mno kwa sababu inakimbiza. Ila chukua kalamu, zungushia kila "ka" kwenye ukurasa mmoja, ukikuta ziko ishirini na hakuna anayekimbizwa, ujue umeandika ripoti.

HATUA YA 4: Toa sentensi za kuokota

"Kijasho chembamba kikamtoka." "Moyo ukaanza kumwenda mbio." "Macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango." Hizi sentensi ni za kila mtu, msomaji kakutana nazo mara nyingi mpaka anazipita bila kuona kitu. Jiulize huyu mtu WANGU akiogopa anafanya nini? Kuna anayeongea bila kupumzika, kuna anayeanza kupanga vitu mezani vilivyokuwa vimepangwa tayari. Andika hicho.

Na neno "sana" lipunguzeni jamani. Lugha yetu ina utajiri, giza totoro, nyeupe pe, amelowa chapachapa, ameanguka pu. Ila kimoja kwa ukurasa kinatosha, ukimwaga vyote pamoja inageuka ngonjera.

HATUA YA 5: Dayalogi

Mfano wa mazungumzo yaliyokufa:

"Mume wangu, kwa nini umechelewa kurudi nyumbani usiku huu?"
"Mke wangu, nilikuwa na kazi nyingi sana ofisini."

Watu waliooana hawapeani taarifa ambayo kila mmoja anayo. Hapo mwandishi anamuongelesha msomaji kupitia midomo ya wahusika. Jaribu hivi:

"Chakula kimepoa."
"Nimeshakula."
"Wapi?"
Akainama kufungua kamba za viatu.

Hakuna aliyetaja kuchelewa wala kushukiwa, lakini msomaji kashajua ndani ya hiyo nyumba kuna jambo. Kila mazungumzo yaulize kila mmoja anataka nini na anaficha nini, kama hakuna anayetaka kitu futa yote.

HATUA YA 6: Kata mwanzo

Fupi tu hii: jaribu kufuta aya ya kwanza. Mara nyingi hadithi inaanza aya ya pili au ya tatu, hizo za juu ulikuwa unapasha moto mkono. Halafu mpe msomaji mmoja unayemuamini, usimuulize "umeipenda?" muulize "wapi ulichoka?"

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nina kazi na watoto wadogo, huo muda wa drafti mbili tatu natoa wapi?

Jibu: Dada pole, najua hiyo hali. Anthony Trollope wa Uingereza alikuwa mfanyakazi wa posta, anakaa mezani saa 11 na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, anajilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, na ameacha riwaya 47. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alikuwa mhariri huku analea watoto wawili, anaandika kabla hakujapambazuka. Wewe anza na maneno 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ndani ya wiki 40 una maneno 60,000, hiyo ni riwaya. Siku ya kuediti usihesabu maneno, hesabu kurasa, hata mbili zinatosha.

Swali: Naandikia kwenye simu, kuna shida?

Jibu: Hakuna kabisa. Ila ukifika kuediti badilisha aina ya herufi na ukubwa wake, macho yatadhani ni kazi ya mtu mwingine na makosa yataanza kujitokeza. Na tunza kopi sehemu ya pili kila siku, mimi simu iliwahi kuzima na sura nne ndani, sikuzipata tena.

Swali: Mhusika wangu ni kijana wa mtaani, nikimuandika anavyoongea si nitaonekana sijui Kiswahili?

Jibu: Msimulizi na mhusika ni watu wawili. Msimulizi awe na Kiswahili kilichonyooka, kijana muache aongee chake. Chukua maneno yake machache yanayombeba, ukijaza misimu kila sentensi baada ya miaka michache hakuna atakayeelewa.

Swali: Na kama kuna sura naipenda kabisa ila msomaji kasema ndio ilimchosha?

Jibu: Kaka itoe, ila usiifute, fungua faili uliite makapi uiweke humo. Mimi yangu ilikaa huko miaka miwili, siku moja nikaisoma nikaona kumbe ni hadithi fupi kamili, ilikuwa imekwama tu ndani ya riwaya isiyo yake.