Pima mlo wa mla nyama wa kale kwa taya la mbwa wa mtaani

Mpwa wangu wa kidato cha sita alinijia Igoma, Mwanza, na swali: kwa nini Simbakubwa, yule mla nyama mkubwa wa kale, alitoweka, na mbwa wamejaa kila uchochoro? Nikamwambia alete taya. Tulikwenda hivi.

Hatua ya 1. Tafuta mafuvu ya mbwa na paka, yenye mataya ya juu na ya chini. Ya fisi, chui au fisi maji usiguse. Hizo ni nyara za serikali.

Hatua ya 2. Loweka kwenye ndoo, maji na sabuni ya unga, mbali na dirisha la jirani. Jiki marufuku! Mfupa unang'aa wiki moja, halafu unamong'onyoka kama chaki.

Hatua ya 3. Litambue gego mkasi. Hapa ndipo watu wanapoharibu.

Gego mkasi ni jozi: gego la nne la mbele kwa juu, na gego la kwanza la nyuma kwa chini. Yanapishana na kukata nyama. Ukihesabu taya la chini la mbwa kuanzia jino linalofuata chonge, ni la tano. Jaribu hivyo kwa paka uone: unaishiwa meno, maana lake ni la tatu na ndilo la mwisho. Kwa hiyo acha kuhesabu. Funga mataya, utazame yapi yanapitana ubavu kwa ubavu.

Halafu kuna watoto wa mbwa. Niliwahi kukesha na taya moja, umeme umekatika, napima kwa tochi ya simu, na namba zinagoma. Kulipokucha nikaona nyuma ya jino langu kuna tundu mfupani, na ncha nyeupe inachungulia. Kumbe nilikuwa nimepima jino la utotoni! Gego la nne la utotoni la chini lina makali yaleyale. Ukiona ncha inachungulia, weka taya hilo pembeni.

Na Simbakubwa mwenyewe, pamoja na jina lake la Kiswahili, si simba. Ni hayenodonti, ukoo mwingine kabisa wa wala nyama, uliokwisha kutoweka. Magego yake matatu ya nyuma, taya la chini, yote ni visu, na kubwa kuliko yote ni la mwisho. Ukimpimia kanuni ya mbwa, umepima jino lisilo lenyewe.

Hatua ya 4. Chukua kalipa ya chuma, kile kipimio chenye mataya mawili. Programu za simu sizitaki, picha hudanganya. Kwa gego mkasi la chini, gawa urefu wa makali kwa urefu wa jino zima. Mbwa hukaribia theluthi mbili, kwa sababu nyuma ya makali ana kisigino cha kusagia. Paka hukaribia 1, kisu kitupu.

Hatua ya 5. Uzito usiukadirie kwa jino moja. Simbakubwa amepewa kuanzia kilo mia kadhaa hadi kama 1,500, kutegemea kanuni uliyotumia.

Hatua ya 6. Tazama nyuma ya gego mkasi. Mbwa ana magego mawili zaidi, kinu chake: ndiyo maana pale mwalo wa Kirumba anakula vichwa vya samaki, na jioni ukoko wa ugali. Simbakubwa hakuwa na kinu. Mabaki yake yalitoka Meswa Bridge, ng'ambo ya Ziwa Victoria huko Kenya, yana miaka kama milioni 22, na yalikaa kwenye droo ya makumbusho Nairobi hadi wanasayansi Matthew Borths na Nancy Stevens walipoyatangaza mwaka 2019. Afrika ilipoungana na Eurasia, koo za paka, fisi na mbwa ziliingia kwa awamu, na nyingi zilikuja na kisu na kinu pamoja. Wapo wanaosema wageni waliwapokonya hayenodonti riziki, wapo wanaolaumu hali ya hewa na misitu kupungua. Mimi nalaumu vyote viwili: asiye na kinu hana pa kugeukia mawindo yakiadimika.

Mpwa akanikatiza: "Mjomba, mbona paka naye hana kinu na yupo?"

Ukubwa, nikamjibu. Mla nyama akizidi kilo 21 hivi, panya hawamtoshi tena, lazima awinde wakubwa kama yeye. Paka wangu anashiba panya wawili.

"Na simba?"

Nikamrudishia kalipa.